Digrii ya uuguzi ya mtandaoni: waajiri wanaionaje?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi mwenye diploma, nakaa Likoni, na huu ni mwaka wangu wa saba kwenye kituo cha afya cha kaunti. Nataka kusoma digrii lakini siwezi kuacha kazi, nina watoto wawili. Kuna chuo kikuu cha bara kinachofundisha wauguzi walio kazini kwa njia ya mtandao, na nimeona pia matangazo ya digrii za Marekani za mtandaoni. Mume wangu anasema waajiri hawaitaki digrii iliyosomwa kwenye simu, afadhali nikakae darasani. Binamu yangu aliyeko Saudia anasema huko nitakataliwa kabisa. Mdogo wangu naye, aliyemaliza kidato cha nne, akisikia habari hizi anasema hata yeye atasoma uuguzi mtandaoni asihangaike na feri kila asubuhi. Je, waajiri wanaziona vipi digrii hizi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili katika barua moja, na majibu yake hayafanani. La mdogo wako ni fupi, wacha nilitangulize.

Mdogo wako asijiandikishe popote kwa njia hiyo. Anayeanza uuguzi hapa Kenya lazima chuo chake kiwe kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi, na yeye mwenyewe aorodheshwe na Baraza tangu akiwa mwanafunzi. Kisha amalize mafunzo ya vitendo wodini chini ya macho ya msimamizi, ndipo akae mtihani wa Baraza. Asiyeingia kwenye orodha ile mwanzoni hana mtihani wa kufanya mwishoni, hata awe na cheti kilichopambwa kwa muhuri wa dhahabu. Na asidhani nje ya nchi ni rahisi zaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka muuguzi wa kawaida awe na mafunzo ya saa zisizopungua 4,600, na angalau nusu yake ziwe za vitendo. Uingereza nayo inataka saa 2,300 za nadharia na 2,300 za vitendo. Hata Open University ya huko, ambayo kufundisha watu wakiwa majumbani ndiyo kazi yake tangu ianzishwe, wanafunzi wake wa uuguzi huenda wodini kama wenzao wote. Marekani kulikuwa na programu moja mashuhuri iliyowapima wanafunzi wa mbali kwa mitihani badala ya kuwahesabia saa za hospitali. California ikawakataa wahitimu wake na majimbo mengine yakawawekea masharti. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ina kampasi hapa Mombasa mjini na nyingine Port Reitz. Mwambie avumilie feri.

Sasa tuje kwako, ambako mambo ni tofauti kabisa.

Wewe ni muuguzi tayari. Baraza linakujua, una namba, una leseni, una miaka saba ya kushika wagonjwa. Mwajiri anayekutazama hana haja ya kujiuliza kama mikono yako inajua kazi, maana hilo lilikwisha kupimwa. Anachojiuliza ni kama digrii hii imekuongezea kitu na kama ni ya kweli. Mume wako ana haki ya kuogopa, pesa ni zenu wote na ada si ndogo. Lakini hofu yake inamfaa mdogo wako kuliko inavyokufaa wewe.

Nchi hii haikuanza jana kusomesha wauguzi kwa kompyuta. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, kwa kushirikiana na Wizara ya Afya na Baraza la Wauguzi, walianzisha masomo ya mtandaoni ya kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi diploma. Wakati huo wauguzi wengi wa Kenya walikuwa wa ngazi ya cheti, zaidi ya 20,000, na vyuo vyenye madarasa visingeweza kuwapokea wote, wala hospitali zisingeweza kuwaachia waondoke kwa pamoja. Basi kompyuta zikapelekwa hospitalini, muuguzi akawa anatoka zamu, anasoma, anarudi zamu, na mafunzo ya vitendo anayafanya palepale karibu na kwake. Wengi wa waliosoma hivyo leo ni wasimamizi wa wodi, na baadhi yao ndio wanaokaa kwenye majopo ya mahojiano. Jambo hili watu hulisahau. Ukimwambia sista mkuu wa namna hiyo kwamba digrii yako umeisoma mtandaoni huku ukifanya kazi, unamsimulia maisha yake mwenyewe. Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho kilipoanza kufundisha wauguzi Afrika Mashariki mwaka 2001, kilianza na walio kazini, waliosoma bila kuacha ajira zao. Halafu ikaja 2020, vyuo vyote vikafungwa kwa korona, na hata waliolipia darasa wakajikuta wakisikiliza mihadhara kwenye simu. Tangu hapo ile tofauti ya wa darasani na wa mtandaoni imefifia sana machoni pa waajiri wa hapa kwetu.

Nimekaa kwenye majopo ya kuajiri wauguzi, ya umma na ya binafsi, na naweza kukuambia karatasi hutazamwa kwa mpangilio gani. Ya kwanza ni leseni ya Baraza, kama iko hai. Ya pili ni cheti cha usajili. Ndipo ije digrii, na macho huenda kwenye jina la chuo na mwaka wa kuhitimu, kisha kwenye transkripti. Halafu barua za kazi, na hapo ndipo jopo hukaa zaidi. Vyeti vingi vya digrii havisemi popote kwamba mtu alisoma mtandaoni. Chuo ni kimoja, seneti ni moja, cheti ni kilekile. Sijapata kuona jopo likimpunguzia mtu alama kwa sababu ya njia aliyosomea. Watu waliopoteza nafasi niliwaona, ila kwa mambo mengine, na matatu kati ya hayo nataka uyajue kabla hujalipa hata shilingi.

La kwanza ni chuo kutojibu barua. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wake umegundua vyeti bandia zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi wa serikali. Tangu hapo hakuna bodi ya kaunti wala hospitali ya maana inayochukua cheti kwa kukitazama tu. Huandika kwa chuo kuuliza: huyu mtu alisoma kwenu? Alihitimu lini? Chuo kikijibu baada ya wiki mbili, uko salama. Chuo kisipojibu miezi mitatu, nafasi imeshachukuliwa na mwingine, na wewe umebaki na digrii halali isiyoweza kujitetea. Vyuo vya mtandaoni vya nchi za mbali ndivyo vinavyoumiza watu hapa, kwa sababu hakuna ofisi ya kuendea, na aliyekuuzia nafasi kwa WhatsApp amekwisha kubadilisha namba.

Tena usidhani ulaghai ni wa mtandaoni peke yake. Januari 2023 serikali ya Marekani iliwafungulia mashtaka watu 25 katika kesi ya diploma za uuguzi zilizouzwa Florida, zaidi ya 7,600, kwa wanunuzi ambao hawakusoma. Takriban 2,400 kati ya wanunuzi hao walifaulu mtihani wa leseni na wengine wakapata kazi hospitalini. Shule zile tatu zilikuwa na majengo na anwani, na kwa nje zilionekana ni vyuo vya kawaida. Kilichokosekana ni saa za wodini. Kesi ile iliwafunza waajiri duniani kote kuuliza swali ambalo nami naliona ndilo la haki: ulishika wagonjwa wapi, na nani alikutia sahihi? Ukiwa na jibu la swali hilo, lenye jina la hospitali na kitabu cha vitendo kilichojazwa, hakuna atakayehangaika na habari ya darasa.

La pili ni tarehe zinazogongana, na hili huwaumiza waliosoma darasani kuliko wa mtandaoni. Fikiria muuguzi wa zamu kamili hapa Mombasa, jina lake liko kwenye orodha ya zamu mwezi baada ya mwezi, kisha analeta digrii inayosema alikuwa mwanafunzi wa kutwa katika chuo kilicho mwendo wa siku nzima kwa basi. Afisa wa rasilimali watu huziweka karatasi mbili hizo ubavuni na kuuliza: ulikuwa wapi? Ama uliiba zamu, ama uliiba darasa. Nimeona watu waliosoma kwa jasho la haki wakishindwa kulieleza hili kwa sababu hawakuwahi kuomba ruhusa kwa maandishi. Aliyesoma mtandaoni, kwa ruhusa ya mwajiri na barua ya chuo inayosema wazi kwamba programu ni ya walio kazini, hana shida hii. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote mwandikie msimamizi wako, ipite kwa afisa wa wauguzi wa kaunti ndogo, na nakala yenye muhuri uiweke nyumbani. Ruhusa ya mdomo haina thamani siku msimamizi akihamishwa.

La tatu ni mtu kuja na digrii ambayo haikumbadilisha. Hapa wacha nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapopajali zaidi.

Waajiri wanataka digrii kwa sababu iko mantiki nyuma yake. Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha mwaka 2003 kwamba katika hospitali walizozichunguza, kila uwiano wa wauguzi wenye digrii ulipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 5. Mwaka 2014 wakatoa utafiti wa hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya, na huko upungufu ulikuwa asilimia 7. Tafiti hizo zilitazama kama muuguzi ana digrii au hana. Hazikumgawanya wa darasani na wa mtandaoni. Lakini digrii haimwokoi mgonjwa kwa kutundikwa ukutani. Inamwokoa kwa namna muuguzi anavyogundua mapema kwamba hali inabadilika, anavyouliza, anavyosoma ushahidi mpya na kuupeleka kitandani.

Ndiyo maana swali nililopenda kuwauliza wenye digrii mpya lilikuwa hili: tangu uanze kusoma, ni kitu gani unafanya tofauti wodini kwako? Wengi hunyamaza. Wengine husema "nimepata ujuzi wa uongozi" na kuishia hapo. Lakini alipata kuja dada mmoja kutoka kituo kidogo, amesoma digrii yake usiku kwa simu na bando la kuazima, akatueleza habari ya mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Alikuwa amesoma utafiti wa E-MOTIVE uliotolewa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambao ulipunguza kwa asilimia 60 matokeo mabaya ya kutokwa na damu. Siri yake ni nyepesi: damu ipimwe kwa shuka maalumu lenye alama badala ya kukisiwa kwa macho, kisha matibabu yote yatolewe kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndipo lijaribiwe jingine. Dada yule hakuwa na shuka hizo. Alianza kupima damu kwa vyombo alivyokuwa navyo, akaandika kila mama, akaonyesha wenzake kwamba makisio yao yalikuwa chini ya damu halisi. Hakuna aliyemuuliza alisomea wapi. Sisi tulimuuliza anaweza kuanza lini.

Mwanangu, kituo chako kina chumba cha kujifungulia. Kazi zote za masomo utakazopewa, mradi wa utafiti ukiwemo, zifanye juu ya wagonjwa wako na kituo chako. Hii ndiyo faida kubwa ya mwanafunzi asiyeondoka kazini, na wengi huiacha ipotee kwa kunakili kazi za wenzao kwenye kikundi cha WhatsApp. Ukinakili, jopo litajua kwa dakika tano.

Kuhusu waajiri wenyewe, wako wa namna tatu hapa kwetu na hawafikiri sawasawa.

Kaunti hufuata mpangilio wa utumishi. Mwenye diploma huanzia kundi la kazi H, mwenye digrii K, na kwa hiyo digrii yako ina maana ya mshahara na cheo. Ila usitarajie kwamba siku ya kuhitimu barua ya kupandishwa itakuwa mezani. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti inahitaji nafasi iwepo na bajeti iwepo, na wako wauguzi wenye digrii wanaosubiri miaka wakiwa kwenye makundi yaleyale ya zamani. Hilo linawapata wa darasani na wa mtandaoni kwa usawa. Kinachokusaidia kwenye foleni hiyo ni kuwa faili lako limekamilika: ruhusa ya masomo, digrii iliyohakikiwa, na Baraza limeiingiza sifa mpya kwenye rekodi zako.

Hospitali binafsi, kuanzia zile kongwe za kisiwani hadi hizi mpya za Nyali na Kongowea, hutazama zaidi utakachofanya Jumatatu asubuhi. Hukupa mtihani wa kuandika, hukusimamisha mbele ya kitanda na kukuuliza hesabu za dawa na hatua za kumwokoa mtu aliyesimama moyo. Digrii inakufikisha mlangoni. Huko nimeona mwenye digrii ya darasani ya chuo kikubwa akishindwa kuhesabu matone, na wa mtandaoni akipita, na kinyume chake pia.

Mashirika ya misaada na miradi ya afya ndiyo yanayompenda zaidi aliyesoma mtandaoni, kama kweli alisoma. Kazi zao ni za ripoti, takwimu, mikutano ya video na mafunzo ya mbali. Mtu aliyejisimamia miaka miwili bila mwalimu wa kumfukuzia tayari anayo nidhamu wanayoitafuta, na ni vyema uliseme hilo wazi kwenye barua ya maombi.

Matangazo ya Marekani sasa. Ni kweli kwamba huko digrii ya mtandaoni kwa muuguzi mwenye leseni ni jambo la kawaida sana. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza kwamba kufikia 2020 wauguzi wanane kati ya kumi wawe na digrii. Mwaka 2017 jimbo la New York likapitisha sheria kwamba muuguzi mpya apate digrii ndani ya miaka 10 ya kusajiliwa. Hospitali zinazotafuta ile heshima ya Magnet, inayopewa hospitali zenye uuguzi bora, zinalazimika kuwa na mameneja wa wauguzi wenye digrii. Watu wa zamu hawawezi kurudi kukaa darasani, kwa hiyo vyuo vya mtandaoni, kama Western Governors kilichoanzishwa na magavana mwaka 1997, vilijaa. Waajiri wa huko huuliza jambo moja: programu imethibitishwa na CCNE au ACEN, yale mashirika yanayokagua masomo ya uuguzi huko? Ikiwa ndiyo, mazungumzo yanaendelea. Hospitali za serikali za wanajeshi wastaafu zimeliandika sharti hilo kabisa.

Lakini tangazo halikuambii mambo mawili. Programu nyingi za namna hiyo zinataka uwe na leseni hai ya muuguzi ya jimbo la Marekani ndipo zikupokee. Ya Kenya peke yake haitoshi. Na ukiipata digrii ya nje ukataka kuitumia hapa, itabidi ipitie Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe na kulinganishwa, kisha Baraza la Wauguzi nalo liseme lake. Anayekuahidi digrii ya Marekani bila kukuuliza leseni, kwa bei inayokaribia ya simu nzuri, mkimbie.

Tena kama nia yako ni kwenda kufanya kazi Marekani, jua kwamba mamlaka za huko huchambua kwanza yale masomo yaliyokufanya uwe muuguzi, yaani diploma yako. Hutazama kama ulisoma na kufanya vitendo katika magonjwa ya watu wazima na upasuaji, uzazi, watoto, na afya ya akili. Ukishapita hapo unakaa mtihani wa leseni wa huko, NCLEX, kama kila mtu. Wapo wauguzi wa diploma kutoka Kenya wanaofanya kazi huko leo. Digrii ya mtandaoni utaiongeza juu yake, haitakuwa msingi wa maombi yako. Usichelewe kwenda kwa kudhani ni lazima uwe nayo kwanza, wala usidhani kuwa nayo kutaziba pengo la diploma iliyokosa vitendo.

Binamu yako wa Saudia hajakosea, na maneno yake uyachukue kwa uzito. Ghuba ndiko wanakoichunguza zaidi namna ya masomo. Kabla ya leseni, vyeti vyako vitapelekwa kwa kampuni ya DataFlow, nayo itaandikia chuo chako moja kwa moja, na swali la kama ulisoma kwa kuhudhuria au kwa mbali ni miongoni mwa yanayojibiwa. Saudia humwainisha mwenye diploma kama fundi wa uuguzi na mwenye digrii kama mtaalamu, na mshahara hufuata. Kwa hiyo digrii ikisomeka kuwa ya masafa na ikatiliwa shaka, unaweza kuingia kwa ngazi ya diploma huku umekwisha kulipia digrii. Usithubutu kumwomba mtu wa chuo abadilishe neno hilo. Jibu likitofautiana na karatasi zako jina lako linaharibika kwenye mfumo unaotumiwa na nchi kadhaa, na kulisafisha ni kazi ya miaka.

Ukitaka kuuacha mlango wa Ghuba wazi, chagua programu ya mchanganyiko: nadharia mtandaoni, lakini kuna vipindi vya kuhudhuria chuoni au kampasi yake ya Mombasa, na vitendo katika hospitali inayotambulika. Kisha omba chuo barua inayotaja saa za ana kwa ana na saa za vitendo, hospitali kwa jina. Ombeni barua hiyo mkiwa bado wanafunzi, maana mkishahitimu mtakuwa mnabembeleza.

Na kama huna nia ya kwenda popote, unataka kupanda cheo hapahapa na kuwalea wanao? Basi programu ya mtandaoni ya chuo kikuu cha Kenya, iliyokubaliwa na Baraza, inakutosha, na sioni sababu ya wewe kuacha kazi ukakae darasani bara. Miaka miwili ya mshahara uliopotea hairudi, na hakuna mwajiri wa Mombasa atakayekulipa zaidi kwa sababu ulikaa kwenye kiti. Pwani University pale Kilifi wanafundisha digrii ya uuguzi, na kwa anayetaka darasa ni karibu kuliko bara; nenda ukaulize nao wana nini kwa walio kazini kabla hujafunga safari ndefu.

Chuo unachokitaka kipigie simu, lakini majibu yaje kwa barua pepe. Waulize kama programu hii hasa, kwa njia hii ya mtandao, imeidhinishwa na Baraza, kisha liulize Baraza lenyewe swali lilelile. Waulize vitendo vitafanyika hospitali gani ya Pwani na nani atakusimamia, maana vyuo vingine hupokea ada kisha humwachia mwanafunzi ajitafutie wodi. Waulize mitihani inasimamiwa wapi. Mtihani unaofanyiwa sebuleni bila msimamizi ndio unaowapa watu kama mume wako sababu ya kudharau. Waulize ofisi ya msajili huchukua muda gani kujibu barua za uhakiki. Na mtafute mhitimu wao mmoja aliyeko kazini hapa Mombasa, umuulize kama aliwahi kuhakikiwa na ilichukua muda gani.

Kuhusu muda wako, usijidanganye kwamba mtandaoni ni kwepesi. Baada ya zamu ya usiku macho hayasomi. Wanaomaliza ni wale waliotenga saa mbili za alfajiri au za magharibi ambazo nyumba nzima inaziheshimu, na kwa hilo mume wako atakuwa na kazi kubwa kuliko mhadhiri wako. Mwonyeshe jibu hili. Kama ataridhika, mkubaliane nani atawashika watoto jioni za mitihani, na ndipo upeleke ombi lako la ruhusa kwa msimamizi. Chuo kikikujibu, niandikie tena majibu yao kama yalivyo, nitakusomea kabla hujalipa.